Hospitali ikimdhuru mgonjwa wako: mwongozo kamili wa kudai haki ukiwa Dodoma

Picha iliyobeba madai ya familia yetu ilipigwa saa nane na dakika ishirini usiku, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Inaonyesha mkono wa mpwa wangu, wakati huo ana miezi minane, umevimba kuanzia kiganja hadi kiwiko. Ngozi inang'aa kama andazi lililotoka kwenye mafuta sasa hivi, na kanula, kile kibomba cha dripu, bado imebandikwa kwa plasta. Wiki tatu baadaye tulipata nakala ya faili. Kwenye karatasi ya uangalizi ya usiku uleule, mstari wa saa nane, kuna maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba dripu inaenda vizuri na mtoto amelala. Ni mwandiko mmoja na kalamu moja kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri, na joto la mtoto halikupanda wala kushuka hata nukta usiku kucha.

Kituo sikitaji, tulishamalizana nao. Shemeji yangu alipiga picha ile ili amtumie mama yake kule Bahi, wala hakuwa na wazo la kesi. Bila picha tungebaki na maneno yetu dhidi ya kalamu ya nesi, na kalamu ingeshinda.

Nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria hapa mjini, na wengi wanaonijia kwa mambo ya hospitali huja wakiwa na uchungu mwingi na karatasi chache. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye siku za mwanzo na kupita upesi mahakamani, ambako wakili atakushika mkono.

Kabla ya yote: ni uzembe, au ni ugonjwa?

Swali hili linaudhi mtu aliyefiwa, lakini ndilo la kwanza ambalo kila ofisi itakuuliza. Mgonjwa kufa au kubaki na ulemavu si ushahidi wa uzembe. Kuna magonjwa yanayoua hata daktari akifanya kila kitu sawasawa, na kuna upasuaji wenye hatari zake ambazo ulielezwa kabla.

Sheria yetu ya uzembe haikuandikwa yote kwenye kitabu kimoja. Sehemu kubwa ilitoka Uingereza kupitia sheria inayoruhusu mahakama zetu kutumia misingi ya huko kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na maamuzi ya majaji yameijenga kuanzia hapo. Kesi ambayo mawakili wa pande zote mbili hupenda kuitaja ni ya London, mwaka 1957, ya bwana Bolam. Alivunjika nyonga akitibiwa kwa shoti ya umeme bila kupewa dawa ya kulegeza misuli. Alishindwa, kwa sababu madaktari wengine wenye sifa walikuwa wakifanya vilevile wakati huo. Kipimo kilichobaki ni hiki: je, daktari au muuguzi mwenye sifa kama zake, akiwa mahali kama pale, angefanya alivyofanya huyu?

Kwa hiyo una mambo manne ya kuthibitisha. Kwanza, hospitali ilimpokea mgonjwa wako na hivyo ilikuwa na wajibu kwake; hili ni rahisi, risiti na faili vinatosha. Pili, huduma ilishuka chini ya kiwango kinachokubalika. Tatu, mgonjwa alipata madhara. Nne, na hapa ndipo kesi nyingi hufia, madhara hayo yametokana na kushuka huko, si na ugonjwa aliokuja nao. Mtoto aliyefikishwa akiwa na degedege la malaria kali na kufariki baada ya saa moja, hata kama nesi alichelewa dakika kumi kuja kitandani, wakili wa hospitali atauliza: dakika kumi zile zingebadilisha nini? Ni lazima uwe na mtaalamu wa kulijibu.

Yapo matukio yanayojisemea yenyewe. Mwaka 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa. Mwenye tatizo la goti akapasuliwa kichwa, mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Hapo huhitaji profesa kukueleza kwamba kuna kitu kilikosewa. Kipande cha gozi, kitambaa cha kufyonzea damu, kilichosahaulika tumboni baada ya upasuaji ni jambo la namna hiyohiyo. Lakini mengi hayako wazi hivyo. Kumchoma mtoto sindano ya tako mahali pasipofaa kunaweza kujeruhi mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, mtoto akaanza kuburuta mguu. Wazazi huambiwa ni polio, au ni malaria imepanda kichwani, na mwaka unaisha wakiamini hivyo.

Utaambiwa pia, "Mlichelewa kumleta," au, "Mlimpa dawa za kienyeji." Kama ni kweli, mwambie wakili wako mapema, tena yote. Mama aliyepewa mitishamba ya kuongeza uchungu kabla ya kufika wodi ya wazazi bado ana haki ya kuhudumiwa ipasavyo. Kosa la nyumbani halifuti kosa la wodini, ingawa linaweza kupunguza fidia. Kinachoua kesi ni pale hospitali inapoitoa habari hiyo kwenye faili mbele ya jaji, na wewe ulikuwa umeificha.

Usimwinde nesi, itazame hospitali

Dada yangu, mama wa mtoto yule, alitaka sista wa zamu ile afungwe. Nilimsikiliza jioni nzima, kisha nikamuuliza: usiku ule walikuwa wangapi? Akafikiri. Alikuwa peke yake, wodi mbili, na mara ya tatu alipofuatwa alikuwa akimhudumia mtoto mwingine aliyekata pumzi.

Hospitali huwajibika kwa njia mbili. Njia moja ni ya mwajiri kubeba makosa ya mwajiriwa wake akiwa kazini. Nyingine ni wajibu wake yenyewe: kuweka watumishi wa kutosha kwenye zamu, kuhakikisha wana leseni hai, kuwa na utaratibu wa kumtambua mgonjwa kabla ya kumpeleka chumba cha upasuaji, kukagua mashine, kutoa rufaa mapema pale uwezo unapoishia. Ukimkamata nesi peke yake, hospitali inapumua. Tena nesi huyo hana uwezo wa kulipa matibabu ya mtoto kwa miaka kumi.

Ukosefu wa vifaa ni hoja utakayoisikia sana, hasa kwa zahanati na vituo vya vijijini. Ina uzito, kwa kuwa mahakama haitadai zahanati ya kijiji ifanye kazi ya hospitali ya rufaa. Lakini haifungi mjadala. Kituo kisicho na damu wala oksijeni kinapaswa kujua kwamba hakina, na kumtoa mgonjwa mapema. Kwa hiyo ulizia saa ambayo rufaa iliandikwa, saa ambayo gari la wagonjwa liliitwa, na saa ambayo liliondoka.

Hatua ya 1: Mtoe mgonjwa kwenye hatari

Ugomvi wa wodini hauponyi. Mwombe daktari wa zamu aje aone, na akisita, mfuate muuguzi kiongozi wa wodi, kisha mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali. Omba rufaa kwa maandishi. Barua ya rufaa ni matibabu na ni ushahidi kwa pamoja, kwa kuwa ndani yake kituo cha kwanza kinalazimika kueleza mgonjwa anaondoka katika hali gani. Kule anakopokelewa, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa au kwingineko, daktari ataandika alichokikuta. Maelezo ya mapokezi huko ndiyo ushahidi wa kwanza kutoka kwa mtu asiyehusika na kosa.

Hatua ya 2: Daftari, na tahadhari ya saa

Nunua daftari la shilingi mia chache. Andika siku hiyohiyo: nani alisema nini, saa ngapi, mlimwita nesi mara ngapi, nani mwingine alikuwepo. Jina usilolijua, andika cheo na sura: "nesi mrefu, miwani, zamu ya usiku". Chukua namba ya simu ya mama wa kitanda cha jirani kabla hajaruhusiwa. Akisharudi Chemba au Mpwapwa hutampata, na mara nyingi yeye ndiye aliyeona yote.

Halafu kuna jambo dogo linaloharibu maelezo ya watu wengi. Sisi tunasema saa nane usiku. Faili limeandikwa 02:00, na simu inasema 02:20. Nimewahi kusoma maelezo ya mzee mmoja yaliyochapwa na karani kwamba mkewe aliongezewa damu "saa 8:00 usiku". Kwenye faili saa 8:00 ya Kizungu ni saa mbili, wakati huo mkewe bado hajafika hospitali. Mzee akaonekana mwongo bure. Andika saa zote mbili: "saa nane na dakika ishirini usiku (02:20)".

Picha piga, lakini mpige mgonjwa wako, dripu yake na dawa zake. Usiwapige wagonjwa wengine, wala usimfuate mtumishi na kamera usoni. Usizifute kwenye simu hata ukishazituma, kwa sababu ile ya mwanzo ndiyo yenye tarehe na saa zake. Na usirushe kwenye makundi ya WhatsApp ukimtaja nesi kwa jina. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na kashfa ni kesi pia. Nimeona mlalamikaji akigeuka mlalamikiwa kwa ujumbe mmoja wa hasira.

Hatua ya 3: Faili

Hapa ndipo pa kukazania. Mambo yatakayoulizwa mwakani, yawe kwenye baraza la taaluma, kwenye mazungumzo au mahakamani, yamo ndani ya bahasha ile ya kaki au ndani ya kompyuta ya hospitali.

Taarifa za afya ya mtu ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sheria hiyo inampa mhusika haki ya kuzifikia zile zinazomhusu. Usiombe kwa mdomo dirishani. Peleka barua nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Mganga Mfawidhi, Hospitali ya ..., S.L.P. ..., Dodoma.

YAH: OMBI LA NAKALA YA TAARIFA ZA MATIBABU ZA ..., FAILI NA. ...

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mzazi wa mtoto aliyetajwa, aliyelazwa wodi ya watoto kuanzia tarehe ... hadi tarehe .... Naomba nakala ya faili lake lote, ikiwemo karatasi ya uangalizi ya wauguzi, karatasi ya dawa, majibu ya vipimo, fomu za ridhaa na barua ya rufaa. Naomba pia faili halisi litunzwe bila kubadilishwa. Naambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ya kitambulisho changu. Naomba nijibiwe kwa maandishi."

Sentensi ya kulitunza faili bila kubadilishwa isikosekane. Haina vitisho, ila mtu yeyote atakayeshika kalamu ya kurekebisha baada ya hapo anajua kuna barua yenye muhuri inayomtangulia. Wakikaa kimya, andika ya pili ukirejea tarehe ya ile ya kwanza. Wakikataa kabisa, malalamiko yanaweza kwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na wakili anaweza kuiomba mahakama iamuru faili litolewe.

Ukilipata, usianze na maneno ya daktari. Anza na karatasi ya uangalizi ya wauguzi, kwa kuwa inajazwa kila baada ya muda fulani na ni vigumu kuitunga vizuri. Tazama kama vipimo vinafanana usiku mzima. Tazama kama kuna kipimo kilichoandikwa saa ambayo mgonjwa alikuwa chumba cha upasuaji au ameshaondoka na gari la rufaa. Kwa mama aliyejifungua, tafuta chati ya kufuatilia uchungu: mapigo ya moyo ya mtoto yalipimwa kila baada ya muda gani, na mstari ulipovuka alama ya tahadhari nani aliitwa. Chati iliyo tupu kwa saa tano ni habari nzito kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Fomu ya ridhaa ya upasuaji isikutishe. Uliposaini ulikubali hatari za kawaida za upasuaji uliofanywa kwa uangalifu. Hukumpa mtu ruhusa ya kuzembea.

Mwenye bima ana chanzo kingine cha ushahidi: fomu ya madai ya bima anayoisaini kila akihudumiwa. Kama fomu inadai vipimo ambavyo kwenye faili havina majibu, kuna swali. Na anayelipa taslimu atunze kila risiti, pamoja na ujumbe wa malipo ya simu wa nauli, bodaboda, chakula cha mgonjwa na dawa zilizonunuliwa duka la nje. Hizo ndizo hasara mahsusi, na mahakama huzitaka zithibitishwe moja moja. Maumivu na mateso ni fidia ya jumla, ambayo jaji huikadiria mwenyewe.

Mgonjwa akifariki

Hili lina haraka kuliko yote, na ndilo familia hulikosa. Ukishazika bila uchunguzi wa maiti, umezika na sehemu kubwa ya ushahidi. Najua uzito wake. Waislamu tunataka kuzika siku hiyohiyo, na wazee wa ukoo hawataki kusikia habari ya kupasua. Lakini kama moyo wenu una shaka ya kweli, kaeni kikao kabla ya mwili kutoka mochwari, si baada ya matanga.

Pelekeni taarifa polisi na muombe uchunguzi ufanyike. Ipo sheria ya uchunguzi wa vifo vya mashaka. Ombeni daktari mwingine, asiye wa hospitali inayolalamikiwa, aufanye au awepo akishuhudia. Chukueni nakala ya ripoti. Baadaye mtahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, muhtasari wa kikao cha ukoo, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa kuwa ndiye anayesimama kwa niaba ya marehemu na wategemezi. Kazi hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo kwa mirathi nyingi za kawaida, na isisubiri hadi mambo mengine yaive.

Ama jela, Kanuni ya Adhabu inatambua kosa la kumtibu mtu kwa uzembe au kwa kutojali. Ni njia ya polisi na waendesha mashtaka, na inahitaji uthibitisho usioacha shaka. Madai ya fidia hupimwa kwa mizani nyepesi zaidi: lipi lina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Njia hizo mbili hazizuiani, lakini ushauri wangu ni kutosubiri ile ya jinai iishe ndipo uanze ya fidia.

Hatua ya 4: Piga hodi ndani kwanza

Hospitali kubwa huwa na ofisa wa malalamiko au ofisa ustawi wa jamii, na zote zina mganga mfawidhi. Sanduku la maoni waachie wenye maoni. Wewe una malalamiko, peleka barua. Eleza tukio kwa ukurasa mmoja, taja tarehe na saa, sema unachotaka: maelezo, msamaha, matibabu ya marekebisho, fidia. Omba kikao, na uende na mtu wa kukuandikia. Dada alikwenda nami. Mganga mfawidhi alitupokea vizuri, akamwita "mama" kila sentensi, na dakika ya kumi akatoa karatasi iliyokwisha chapwa.

Karatasi hiyo ilisema familia imeridhika na maelezo na haitadai chochote siku za usoni, na kwamba hospitali, kwa ubinadamu, itagharamia bandeji za miezi miwili. Ukipewa karatasi ya namna hiyo, jibu ni moja: "Asante daktari, naomba niende nayo nyumbani tukaisome." Kusaini pale pale huku umeshika mtoto anayelia ni kuuza shamba kwa bei ya jembe.

Msipoelewana, hospitali ya halmashauri ipelekewe Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Jiji, kisha wa Mkoa. Namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199, hupokea malalamiko, lakini nayo ifuatishie maandishi. Ukiwa Dodoma una bahati ambayo mtu wa Kigoma hana: wizara yenyewe iko Mtumba, nusu siku ya daladala na foleni, na barua inagongwa muhuri siku hiyohiyo. Kama kiini ni kuombwa rushwa ili mgonjwa ahudumiwe, hilo ni la TAKUKURU, namba 113, bila kupitia kwa mfawidhi.

Hatua ya 5: Mabaraza ya taaluma

Daktari analalamikiwa Baraza la Madaktari Tanganyika, lililopo chini ya sheria ya 2017. Muuguzi au mkunga ni Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mfamasia ni Baraza la Famasi. Barua iende kwa Msajili wa baraza husika, ikiwa na maelezo, nakala za faili na majina ya mashahidi.

Baraza linaweza kumwonya mtaalamu, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari. Halikulipi fidia. Watu wengi hukwama kwa kulitegemea liwape pesa, au kwa kulisubiri miaka wakidhani muda wa mahakama umesimama. Haujasimama. Faida yake kwako ni nyingine: baraza linamwita mtaalamu ajieleze mbele ya wenzake wanaojua kazi, na kinachosemwa pale kinaweza kukusaidia kujua wapi pa kuchimba.

Hatua ya 6: Notisi na mahakama

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu tangu tukio. Kwa mtoto sheria inalegeza, muda haumhesabikii hadi afikie utu uzima, lakini usilalie hapo. Mashahidi huhama na mafaili huliwa na mchwa.

Sasa jua mshtakiwa wako ni nani hasa, kwa sababu "hospitali" kama jengo haishtakiwi. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ni mali ya halmashauri. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya. Ya binafsi ni ya kampuni au mtu. Ya kanisa au msikiti kwa kawaida iko chini ya wadhamini waliosajiliwa. Hospitali teule huchanganya: jengo ni la kanisa, baadhi ya watumishi wanalipwa na serikali. Hapo mwulize wakili kama mnawaunganisha wote, maana ukimwacha mmoja, mwingine atakuelekeza kwake.

Upande wa serikali, ikiwemo halmashauri, kuna mambo matatu yanayotupa kesi nje kabla haijasikilizwa. Notisi ya siku 90, yaani barua ya kusudio la kushtaki, lazima itangulie, iende kwa taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu mabadiliko ya 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi hata kama kosa ni la zahanati ya kijiji. Na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu, si kwa hakimu. Piga hesabu nyuma: mwenye kuamka miezi miwili kabla ya miaka mitatu kutimia yuko kwenye matatizo makubwa. Hospitali binafsi haihitaji notisi ya siku 90, barua ya madai ya kawaida inatosha, na mahakama hutegemea ukubwa wa hasara mahsusi, si fidia ya jumla unayoiwaza.

Wakili wa kulipia ni ghali kwa mkulima wa mtama wa Kongwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria kama mimi. Sisi hatusimami mahakamani, ila tunaandaa karatasi na kukuunganisha na wakili. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 nayo imekuwa ikipita mikoani. Ukisikia imefika kwenu, nenda na faili mkononi, si na simulizi tu. Lugha isikuogopeshe: tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, ingawa faili lako la hospitali bado litakuwa la Kiingereza na litahitaji mtu wa kukufafanulia.

Hatua ya 7: Mtaalamu, usuluhishi, na malipo

Bila daktari wa kusema mahakamani kwamba huduma ilikuwa chini ya kiwango na ndiyo iliyoleta madhara, kesi isiyojisemea yenyewe haisimami. Madaktari wa Dodoma wanafahamiana. Walisoma pamoja, wanapeana wagonjwa. Tafuta nje ya mkoa, mstaafu ikiwezekana. Mpe faili lote, hata kurasa zinazokuumiza, na umuulize kwanza faragha. Akikuambia hapakuwa na uzembe, ni afadhali uisikie kwake kuliko kwa jaji baada ya miaka miwili ya nauli. Sisi tulimpata daktari mstaafu wa watoto aliyeitazama ile picha ya saa nane kwa muda mrefu, akaweka karatasi ya uangalizi pembeni yake, na kusema mkono haufiki pale kwa dakika ishirini. Dripu ilikuwa imetoka nje ya mshipa saa kadhaa kabla.

Kesi ikifunguliwa, hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Usiudharau. Hospitali nyingi hazitaki hukumu yenye jina lao, na mgonjwa anahitaji matibabu sasa. Ingia ukiwa na hesabu iliyoandikwa: gharama zilizokwisha tumika, upasuaji unaofuata, mazoezi ya viungo, siku za kazi zilizopotea. Sisi hatukufika hata kwenye kufungua kesi. Baada ya barua ya wakili iliyoambatana na picha ile na karatasi ile zikiwa zimebandikwa ukurasa mmoja, waliita kikao. Wakalipa gharama zote na za upasuaji wa vidole viwili vilivyobaki vimepinda, na makubaliano yakaandikwa kwa tarehe za malipo, si kwa ahadi ya "tutawasiliana".

Ukishinda dhidi ya serikali kwa hukumu, usimtume dalali kukamata gari la wagonjwa la halmashauri, kwa kuwa mali ya serikali haikamatwi hivyo. Wakili huiomba mahakama hati ya amri inayotaja kiasi, hati inapelekwa kwa ofisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, naye ndiye anayepaswa kulipa. Hapo unafungua daftari jipya: tarehe uliyoipeleka, aliyeipokea, muhuri, na siku uliyoambiwa urudi.